Bima ya Gari Haikatwi kwa Ajili ya Trafiki

Kwenye semina zetu huwa nawauliza madereva: kwa nini unakata bima? Jibu la kwanza ni lile lile kila mahali: "Ili trafiki asinisumbue." Watu wanacheka, nami nacheka nao, ila hapo ndipo tatizo lilipo.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, bila bima ya kumkinga mtu wa tatu. Hayo maneno "kumruhusu mwingine" wengi huyaruka. Wewe uliyemkabidhi kijana bodaboda akuletee hesabu kila jioni, nawe umo.

Mtu wa tatu ndiye nani? Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyejua hata jina lako. Tuseme ni mama muuza mihogo pale Mbagala Rangi Tatu. Bajaji inarudi nyuma, inamvunja mguu, karai linamwagika. Atalazwa, kisha atakaa nyumbani miezi kadhaa bila biashara, na watoto wanataka kula. Dereva ukimpekua mfukoni ana elfu kumi na tano ya mafuta. Mama anaweza kushinda kesi mahakamani na bado asione hata senti. Bajaji ikiwa na bima halali, hukumu ile inadaiwa kwa kampuni ya bima.

Ndiyo maana bima ndogo, yaani hii ya mtu wa tatu, haitengenezi gari lako. "Nimelipa 118,000, halafu bampa nijitengenezee mwenyewe?" Ndiyo, ndugu yangu. Hela ile ilikuwa ya yule uliyemgonga. Ukitaka na gari lako lilipwe, kata bima kubwa, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Sasa, stika. Vishoka bado wapo, na bei yao ni tamu. Usiondoke dirishani kabla hujaingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa simu yako na kuandika namba ya gari. Unatakiwa kuona kampuni, aina ya bima, siku inayoanza na siku inayoisha. Isipoonekana, umeuziwa karatasi. Na anayekuambia "chukua, utalipa mwisho wa mwezi" mwogope pia: Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haitambui bima ya mkopo.

Kuna kosa jingine la kimyakimya: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, jioni linabeba abiria wa kulipa. Au umenunua gari la mkononi ukaendelea kutembelea bima ya aliyekuuzia. Siku ya madai ndipo utakapoulizwa hayo.

Wenye malori ya Zambia na Kongo, bima ya hapa haivuki Tunduma peke yake. Chukueni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika hata ng'ambo ya mpaka, kabla ya safari.

Ajali ikitokea, msimalizane pembeni ya barabara. Itwe polisi, majeruhi apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kampuni ijulishwe mapema. Ikizungusha fidia, peleka malalamiko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya bima, ripoti ya polisi na barua zote mlizoandikiana.