Fangasi ukutani sio lazima liwe kosa la mpangaji

Watu wetu wanaopanga England bado wanaambiwa eti fangasi zikiota ukutani ni kosa lao, wanapika sana, wanaanika nguo ndani, hawafungui madirisha. Hapana jamani. Mvuke unachangia kweli, ila kama bomba linavuja au paa linapitisha maji hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka atengeneze. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 tu pale Rochdale, alikufa Desemba 2020 kwa sababu ya fangasi za nyumbani, na baba yake alisharipoti akaambiwa apake rangi! Inauma sana. Tangu Oktoba 2025 nyumba za halmashauri zinabanwa na sheria, hatari kubwa ikaguliwe ndani ya siku 10 za kazi, dharura ishughulikiwe ndani ya masaa 24. Ripoti kwa maandishi, piga picha, na kodi usiache kulipa.