Msioshe mawe ya tangi lenu

Wiki tatu zilizopita niliitwa kwa mteja mmoja huku Mbezi Beach, Dar es Salaam, nikakuta mawe yote ya tangi lake la samaki yameanikwa barazani juani, meupe pee, yananuka sabuni ya unga. Tangi lenyewe lilikuwa linang'aa. Maji mapya, lita 200, vijana wawili walikuwa wameyachota ufukweni asubuhi ile kwa madumu. Ndani mlikuwa na samaki wanne waliojibana juu kabisa, karibu na mdomo wa pampu, mashavu yanapanda na kushuka mbio mbio kama ya mtu aliyetoka kupanda ghorofa tano. Mzee mwenye nyumba akaniambia kwa uchungu: "Fundi, nimewabadilishia maji yote, nimeosha kila kitu, mbona bado wananifia?"

Juzi mwingine kanipigia simu. Swali ni hilo hilo, na kosa ni hilo hilo. Sisi tunakaa pwani, bahari ipo hapo, maji ni bure, basi tangi la maji chumvi ni kazi ya siku moja: chota, mimina, weka samaki. Likichafuka, mwaga yote, sugua, anza upya. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu huku samaki wa watu wanakufa, kwa hiyo leo naliandika.

Samaki anatoa amonia, na nyingi inamtoka kupitia mashavu. Baharini inapotelea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo haina pa kwenda, na ndiyo inayomuua. Wanaoiondoa ni bakteria: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kupunguza maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi wa kutosha. Wamegandia kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye kuta za mabomba. Ukipitisha kidole juu ya jiwe lililokaa tangini miezi miwili utahisi utelezi mwembamba. Ndio hao. Yule mzee aliwasugua kwa brashi ya kufulia, akawamalizia kwa sabuni na jua la saa saba. Lile tangi alilokuwa analilea tangu Desemba alilimwaga kwenye mtaro, akabaki na kioo na maji.

Na hawarudi haraka. Bakteria wanaochachisha maziwa wanajigawa kwa dakika. Hawa wa amonia wanahitaji saa nyingi, pengine siku nzima, kujigawa mara moja. Ndiyo maana tangi jipya linataka wiki nne hadi sita kabla ya samaki wa kwanza, hata kama maji yake ni meupe kiasi cha kusoma gazeti upande wa pili. Amonia haina rangi. Maji meupe yanaweza kuwa na sumu ya kuua samaki wote kabla ya adhuhuri, na maji yenye vumbi kidogo yakawa salama kabisa. Macho hayasaidii hapa. Nunueni vipimo.

Waliowahi kufuga samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndio wanaodanganyika zaidi, kwa sababu waliwahi kufanya hivi hivi na samaki wakapona. Tofauti ni pH, kipimo cha asidi ya maji. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo linalopenya mwilini mwa samaki. Kiasi kile kile ambacho samaki wa maji baridi angekistahimili kwenye pH ya 7, huku kinaunguza mashavu.

Kwa hiyo unaanzaje? Unawalisha bakteria kabla ya kuleta samaki. Nenda soko la samaki la Feri, nunua kamba mmoja mbichi, mtie kwenye soksi nyembamba ya nailoni, mning'inize tangini aoze. Ananuka, ndiyo, lakini kazi anaifanya. Usimfunge kwa kipande cha chandarua, kwa sababu vyandarua vingi vina dawa ya mbu na dawa hiyo inaua samaki na kamba kwa kiasi kidogo sana. Ukipata kloridi ya amonia safi ni bora zaidi, maana unapima: tia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, subiri. Siku utakayotia miligramu 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, tangi limeiva. Amonia ya dukani ya kusafishia vioo itikiseni kwanza. Ikitoa povu linalokaa, ina sabuni, iacheni.

Vitabu vingi vinatisha watu kwa nitriti. Kwenye maji baridi ni kweli inaua. Kwenye maji chumvi kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi yenyewe, ni nyingi mno, na kloridi inaizuia nitriti kuingia kwenye mashavu, kwa hiyo samaki wa baharini anavumilia kiasi ambacho kingemuua kambare wa bwawani. Mimi naipima nitriti kwa sababu inaniambia kundi la pili la bakteria limefika wapi. Tena nitriti ikiwa juu, kipimo cha nitrati kinadanganya, kinasoma kubwa kuliko ilivyo, na watu wanaanza kubadilisha maji kwa hofu katikati ya safari. Acheni. Nitrati ipimwe baada ya nitriti kuisha.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Nimewahi kuandaa matangi mawili wiki moja, mawe ya kifusi kimoja, maji ya pipa moja, chupa moja ya bakteria wa dukani nimeigawa nusu kwa nusu. Moja liliiva siku ya 19. La pili lilichukua wiki saba. Chupa hizo ninazitumia bado, lakini sijawahi kumwahidi mteja siku. Chupa iliyokaa juani bandarini au kwenye kabati la duka lenye joto inaweza kuwa imebaki maji tu, na kwa nje huwezi kuitofautisha. Kinachosaidia kuliko vyote ni jiwe moja au kiganja cha mchanga kutoka tangi lililoiva la mtu unayemwamini na ambalo samaki wake hawana magonjwa.

Maji ya bahari yenyewe sina ugomvi nayo. Huko Jakarta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng alijulikana kwa matangi yaliyostawi kwa maji ya bahari, mawe yenye uhai wake na vipovu vya hewa, bila mashine nyingine za maana. Watu wa pwani wananitajia mfano kama huo kunionyesha kwamba mambo ni rahisi. Lakini tazameni alichokuwa nacho: mawe. Uhai wa tangi ulikuwa umo ndani ya mawe, wala hakuyaosha kwa sabuni.

Maji ya ufukweni Dar ni mkusanyiko wa kila kinachoshuka kutoka mjini. Mto Msimbazi unamwagia pale Daraja la Salenda, na wakati wa masika unashuka na kila kitu. Wakati huo chumvi nayo inapungua karibu na pwani, kwa hiyo unayoyachota si maji ya bahari kamili. Ukitaka maji ya bahari, mwombe mwenye boti akuchotee nje kabisa, maji yakiwa yanajaa, mvua ikiwa imekatika siku nyingi. Yahifadhi wiki mbili kwenye pipa la chakula lenye mfuniko, gizani, pampu ndogo ikiyazungusha. Pima chumvi: gramu 35 kwa lita, au 1.025 hadi 1.026 kwenye refraktomita. Pima amonia, maana vijidudu vilivyokufa humo navyo vinaoza. Ndipo uyatumie. Asiyeweza haya yote achanganye chumvi ya akwariamu na maji ya mashine ya osmosi, ile inayochuja karibu kila kitu kilichomo majini. Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya kisima ya mitaa mingi hapa nayo hayafai, wala ya bomba hayafai bila kuchujwa.

Jambo la pili linaloniumiza ni kujazia. Maji yanapungua kwa mvuke, mtu anachukua dumu la maji ya bahari anajazia. Chumvi haipandi na mvuke, jamani. Tangi la lita 200 lina kilo 7 za chumvi. Feni ikipuliza juu yake linaweza kupoteza lita 4 kwa siku. Ukijazia lita 4 za maji ya bahari kila siku, umeongeza gramu 140 za chumvi; kwa wiki ni gramu 980, karibu kilo nzima. Kutoka 35 umefika karibu 40. Samaki anaweza kustahimili kwa muda. Konokono, kamba na matumbawe wanaanza kujikunja kabla ya Ijumaa. Kinachopungua kwa mvuke kijazieni kwa maji baridi yaliyochujwa, kila siku, kidogo kidogo. Maji ya chumvi ni ya siku ile unapotoa maji ya tangi na kurudisha mengine.

Vifaa vingine nitavipitia upesi. Hita kwa Dar wengi hamuihitaji. Shida yetu ni joto, na maji yanatakiwa nyuzi 24 hadi 27. Feni juu ya maji inashusha nyuzi mbili au tatu, chini ya hapo siku za fukuto la Machi, na baada ya hapo ni mashine ya kupoza, ambayo bei yake inauma. Skima inayotoa uchafu kwa povu: nunua inayolingana na tangi. Pampu za mawimbi mbili badala ya moja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Silikoni ya kugandishia vioo iwe ile isiyo na dawa ya ukungu. Lita 200 za maji peke yake ni zaidi ya kilo 200, ongeza kioo, mawe na meza, kwa hiyo msiliweke juu ya kabati la televisheni. Na kabla ya taa za bei mbaya, nunueni pampu ya hewa ya betri. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na umeme ukikatika usiku wa saa nane, kinachoua kwanza ni kukosa hewa.

Mawe. Msiende kuvunja matumbawe. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, na matumbawe magumu yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Miamba yetu ilikwisha pigwa na joto la mwaka 1998 na kwa miaka mingi ikapigwa na baruti za wavuvi haramu. Sebule yako haina haki ya kuipunguza zaidi. Nasi tuna bahati ambayo mtu wa bara hana: ardhi ya pwani imejaa mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale yale waliyojengea Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe. Tafuta yanayochimbwa nchi kavu, mepesi, yenye matundu. Dondoshea ndimu; likichemka ni chokaa. Toa udongo, loweka wiki tatu ukibadilisha maji, na hapo ndipo jiwe linaposuguliwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Likiingia tangini, brashi iwekwe mbali.

Mawe makavu yana tabia moja ambayo nimejifunza kwa hasara. Zamani nilikuwa nasukuma nitrati iwe sifuri kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Matangi yale yakapata kamasi ya kahawia yenye vipovu, inayofunika mchanga mchana na kupungua usiku. Siku hizi naiacha nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita na tatizo hilo silioni mara nyingi. Usafi wa kupita kiasi nao ni ugonjwa wa tangi.

Samaki waje mwisho, mmoja au wawili kwa wakati, na kila mmoja akae karantini mwezi mzima. Ugonjwa wa vidoa vyeupe ukishaingia kwenye tangi kubwa, huna budi kuliacha bila samaki wiki kumi na moja, kwa sababu dawa ya shaba inayoutibu inaua kamba, konokono na matumbawe. Kangaja wa buluu ni mzuri mno, lakini anataka nafasi kubwa na tangi lililokomaa. Msimchukue mwanzo.

Wale samaki wanne wa Mbezi, wawili nilirudi nao kwangu usiku ule na wako hai. Wengine hawakuvuka kesho yake. Mawe tuliyaloweka siku nne kuondoa sabuni, yakarudi tangini, na kamba wa Feri akaning'inizwa. Jana saa mbili usiku mzee alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni kipimo cha amonia, bado kijani, ila kimepauka kuliko wiki jana. Ya pili ni mawe yake, yamefunikwa vumbi la kahawia, na chini ameandika: "Fundi, haya si machafu sasa? Nisiyasugue hata kidogo?" Nimempigia simu hapo hapo.