Kabla ya Kupandisha Ghorofa, Pimeni Nafasi Iliyolala Ndani

Mvua zikikatika mwezi Mei, maombi ya vibali vya ukarabati hapa Kigoma huongezeka, na malalamiko nayo huongezeka. Msimu huu mengi yanatoka kwa wenye majengo ya biashara ya zamani: yale ya Barabara ya Lumumba, ya mitaa inayoshuka stesheni, na nyumba za maduka kule Ujiji. Wanasema sisi tunaoshughulikia vibali tunawachelewesha. Wapangaji wapo, fremu za maduka hazitoshi, na wengi wanafika wakiwa wameshaamua: wamwage slabu, yaani sakafu ya zege, juu ya jengo lililopo na kupandisha ghorofa moja.

Mimi ni mhandisi, na maombi hayo hupitia mezani kwangu. Najua mwenye jengo anatafuta riziki halali, na kodi ya fremu ndiyo ada ya watoto. Ndiyo maana naomba tufanye hesabu pamoja kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Tuchukue jengo la mita 12 kwa 20, yaani mita za mraba 240. Slabu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Slabu peke yake, kabla ya kuta, plasta, watu na mizigo, inapita tani 86. Ni mzigo wa fuso nane za tani kumi kumi, na bado tani sita zimebaki chini. Kuta zinazotarajiwa kubeba uzito huo ni za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo au chokaa. Hazina nguzo za nondo, mara nyingi hazina hata mkanda wa zege wa kuzunguka kuta na kuzifunga pamoja, na zilijengwa zibebe mbao na bati.

Hapo ndipo huambiwa, "Jengo hili limesimama tangu enzi za Mjerumani." Hoja hii tumeijibu mara nyingi na naijibu tena. Limesimama kwa sababu linabeba bati. Zaidi ya hapo, mji wetu uko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, na waliokuwapo wanakumbuka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko dogo kuliko hilo, la 5.9, lilipiga Kagera, likaua zaidi ya watu 15 na kuangusha nyumba nyingi za matofali zisizo na mkanda. Ukuta wa aina hiyo huvumilia kukandamizwa kutoka juu. Ukisukumwa kutoka ubavuni hupasuka, na kadiri unavyoutwisha mzigo juu, ndivyo nguvu ya kuusukuma inavyokua ardhi inapotikisika.

Kuchimba chini nako si njia ya mkato. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo, ombi lolote linalogusa msingi wa jengo lenye wapangaji ndani nalisoma mara mbili, na sitaomba radhi kwa hilo.

Sasa nafasi iko wapi? Iko ndani. Majengo haya mengi yalijengwa na wafanyabiashara waliouza mbele na kuishi nyuma. Katika jengo letu la mfano, fremu tatu za mbele, kila moja mita 4 kwa 6, zinachukua mita za mraba 72. Zinazobaki 168 ni korido, vyumba vilivyokuwa vya kulala, jiko la zamani lenye masizi, na stoo mbili ambazo hakuna anayekumbuka zina nini. Mwenye jengo anapokea kodi ya chini ya theluthi moja ya jengo lake na anaomba kibali cha kuongeza juu.

Sehemu ya nyuma ikipata njia yake ya kuingilia, kwa kawaida kupitia kichochoro cha ubavuni, inafaa kwa ofisi, ushonaji, saluni, stationari au ofisi ya wakala wa mizigo ya ziwani. Inachokosa ni mwanga na hewa. Bati angavu mbili tatu juu ya korido hurudisha mwanga bila kuwasha taa mchana. Matundu ya hewa ya juu ya kuta, ambayo wapangaji huziba kwa sababu ya vumbi, yafunguliwe na kuwekewa wavu. Ukuta mnene wa zamani hukawia kupata joto, na hewa ikipita juu yake, wengi hawatahitaji kiyoyozi. Vyoo vikipangwa pamoja ukuta mmoja, mabomba hupungua na vyumba viwili vitatu huachiwa nafasi. Kuta nyepesi za mbao na jipsamu zitumike kugawa vyumba badala ya tofali la inchi 6. Ukuta huo wa tofali, ukiwa na plasta na urefu wa mita tatu, unafika karibu kilo 900 kwa kila mita unayosonga mbele.

Pale ambapo kuta zina kimo cha mita tano, sakafu ya nusu, yaani ya kati isiyofunika chumba kizima, inawezekana. Iwe ya mbao au chuma, isimame juu ya miguu yake na msingi wake, isichomekwe kwenye ukuta wa zamani. Itumike kwa ofisi tu. Sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Mifuko kumi ya saruji iliyopangwa juu kwa juu inakandamiza kwa kiasi cha tani mbili kwa mita ya mraba. Mpangaji akigeuza sakafu ile kuwa stoo, uhandisi wote wa mwanzo umekwisha. Naomba wenye majengo waandike jambo hili kwenye mkataba wa pango.

Kuvunja ukuta wa ndani ili kuunganisha vyumba kunakubalika baada ya kujua ukuta upi unabeba paa. Fundi hawezi kulijua hilo kwa kugonga na nyundo. Boriti ya kubebea huwekwa kwanza, paa likiwa limeegemezwa, ndipo tofali hutolewa.

Nafasi moja haimo katika hesabu hii, nayo ni baraza la mbele. Kila mwaka tunakuta baraza limezungushiwa ukuta usiku wa Jumamosi na Jumatatu fremu mpya imefunguliwa. Baraza lile ni kivuli cha wapita njia na mara nyingi liko ndani ya hifadhi ya barabara. Kuliziba hakuongezi jengo lako. Kunachukua njia ya watu.

Upande wa vifaa, linalohifadhi mazingira ndilo hilohilo lenye unafuu wa mfuko. Matofali ya kuchoma hapa kwetu yanachomwa kwa kuni za misitu ya mkoa huu. Vifaa vinavyoletwa kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kila ukuta unaobaki umesimama ni kuni zisizokatwa na mzigo usiosafirishwa. Boriti za mninga zikikaguliwa mchwa na kuoza, nyingi hurudi kazini. Matofali yaliyoungwa kwa udongo hutoka mazima, yasafishwe na kujengea ukuta wa uani.

Kosa kubwa tunaloliona ni plasta ya saruji juu ya kuta hizi. Ukuta wa zamani unapumua: unyevu unaopanda kutoka chini hutoka kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hutokeza, rangi hubanduka, na udongo ulioshika matofali hulainika mahali usipopaona. Kisha mwenye jengo huongeza saruji nyingine. Tumieni chokaa, na chini pitisheni mfereji wa kuondoa maji msingini.

Maji ya paa nayo yanahesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kigoma hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 240 hupokea lita zinazokaribia 240,000. Hata ikipotea moja ya tano, yanayobaki yakikingwa kwenye tangi yanatosha vyoo na usafi kwa miezi mingi, na mteremko wa mji wetu hautapeleka maji hayo kwenye msingi wa jirani wa chini. Kama paa ni la asbestosi, lisivunjwe wala kukatwa na vibarua. Vumbi lake linaleta saratani. Tuulizeni kwanza namna ya kuliondoa na mahali pa kulizika.

Kuhusu utaratibu, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na kubadili matumizi ni kuendeleza. Chumba cha kulala kikigeuka duka, hata bila kuvunja tofali moja, kinahitaji ridhaa. Mwombaji alete uthibitisho wa umiliki, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, michoro ya usanifu iliyotiwa mhuri na mbunifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya uimara iliyotiwa mhuri na mhandisi aliyesajiliwa. Michoro hupita mipango miji, ardhi, afya, mazingira, uhandisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Idara moja ikiuliza swali, jalada linasimama hadi lijibiwe, na swali linalorudi mara nyingi ni la njia ya pili ya kutokea wakati wa moto. Mkandarasi awe amesajiliwa na bodi yake, na bango la mradi liwepo mbele ya jengo. Nakala ya kibali ikae eneo la kazi, siyo nyumbani kwa mwenye jengo.

Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha kazi. Akiendelea, jengo huwekewa alama ya X. Sehemu iliyojengwa kinyume inaweza kubomolewa, gharama zikadaiwa kwake, na shauri likaenda mahakamani. Kuwa na mtu unayemfahamu ofisini hakubadilishi hatua hizi. Kulipa kodi ya majengo pia si kibali cha ujenzi, ingawa wiki haipiti bila mtu kutuonyesha risiti hiyo.

Kwa wenye nyumba za Ujiji: mlango au fremu ya mlango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale. Msiung'oe, msiuuze, msiupunguze kimo ili upate geti la chuma. Idara ya Mambo ya Kale iulizwe kwanza.

Michoro ya ghorofa isubiri. Anzeni kwa mchoro wa jengo lilivyo leo, uliopimwa kwa futikamba chumba kwa chumba, ukionyesha unene wa kila ukuta na upande zinakolala boriti za paa. Siku ya ukaguzi, mwenye jengo aje mwenyewe, na aje na funguo za vyumba vyote, pamoja na zile stoo za nyuma.