Moshi mzito kwenye pikipiki ya tustroki: dhana potofu na ukweli wake

Injini ya tustroki (ya mipigo miwili) ya motokrosi haina sampu, yaani tangi la oili, chini ya pistoni. Oili huchanganywa na petroli, hupita kwenye nyumba ya krenki (chumba cha shafti inayozungushwa na pistoni) ikilainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha hupanda juu kuungua pamoja na petroli. Moshi mwembamba wa buluu, hasa injini ikiwa baridi na choki imevutwa, ni jambo la kawaida. Wa kuutilia shaka ni moshi unaobaki mzito injini ikishapata moto, au unaobadilika rangi na harufu ghafla.

Dhana: Moshi ukizidi, punguza oili kwenye petroli

Dhana hii ndiyo inayoua injini nyingi kuliko zote zilizo hapa. Jeti ya kabureta, yaani kitundu cha kupitishia petroli, hupitisha kiasi fulani cha kimiminika. Haibagui petroli na oili. Ukipunguza oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli, kwa hiyo petroli inayokutana na hewa inaongezeka kidogo badala ya kupungua. Kama chanzo cha moshi ni petroli kuzidi, umekiongezea nguvu, huku beringi na pistoni zikikaukiwa.

Vipimo ni hivi: uwiano wa 32:1 ni takriban mililita 31 za oili kwa kila lita ya petroli, 40:1 ni mililita 25, na 50:1 ni mililita 20. Kwa dumu la lita 5 ni mililita 156, 125 na 100. Tumia kikombe chenye alama za mililita, si kifuniko cha chupa. Mimina oili kwanza pamoja na sehemu ya petroli, tikisa, kisha jaza iliyobaki. Uwiano wenyewe ufuate kitabu cha pikipiki.

Kama hujui kilichomo kwenye tangi, kimwage chote pamoja na kilichobaki kwenye kabureta, changanya upya kwa kipimo, kisha endesha hadi injini ipate moto sawasawa. Moshi usipobadilika, acha kuulaumu uwiano. Hali moja tu ni tofauti: pikipiki yenye pampu ya oili inayofanya kazi, ambayo mtu anaiwekea pia petroli iliyochanganywa. Hiyo inakunywa oili mara mbili. Chagua njia moja.

Dhana: Inatoa moshi kwa sababu ringi zimekwisha

Fikra hii imetoka kwenye injini za mipigo minne, ambako ringi (pete za pistoni) mbovu huruhusu oili ya sampu kupanda juu. Hapa hakuna oili ya sampu ya kupanda. Ringi zilizochoka hupunguza kompresheni, injini ikawa ngumu kuwaka na nguvu ikashuka, na mwako hafifu unaweza kuacha oili zaidi bila kuungua. Lakini wingu zito lililotokea ghafla halianzii kwenye ringi, na kufungua silinda kwanza ni kupoteza gasketi bure.

Dhana: Moshi mweupe ni mvuke tu, utaisha wenyewe

Mvuke wa asubuhi ya baridi huyeyuka hewani mara moja, hauna harufu ya kuungua, na hukoma injini inapopata moto. Ukiendelea baada ya hapo, kuna kitu kingine kinachoingia kwenye mwako: kulanti (maji ya kupozea injini) au oili ya giaboksi.

Kulanti ina harufu tamutamu, na kiwango chake hushuka bila dalili ya kuvuja nje. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, kisha tazama ndani. Viputo visivyokoma, vinavyoongezeka ukikaza resi, vinaonyesha gasi ya mwako inapenya kwenye njia ya maji. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa na moto. Kulanti inayoruka huunguza vibaya. Ukivua kichwa cha silinda, angalia juu ya pistoni: mahali palipooshwa hadi chuma kinang'aa ndipo kulanti ilipokuwa ikiingilia. Badilisha gasketi au o-ringi, kagua kwa rula ya chuma kama uso wa kichwa umepinda, na kaza bolti kwa mkingamo kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu.

Oili ya giaboksi hupitia kwenye sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni mwa shafti) upande wa klachi. Pistoni inapopanda, nyumba ya krenki huwa na mvuto, na sili iliyochanika huacha mvuto huo unyonye oili ya gia moja kwa moja. Moshi wake ni mzito, mweupe wa kijivu, hukaa hewani, na unanuka oili iliyoungua kuliko harufu ya kawaida ya tustroki.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha gharama. Mwaga oili ya giaboksi ikiwa vuguvugu na pikipiki imesimama wima. Jaza kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kitabu, ukikipima kwa mililita. Endesha saa mbili tatu, mwaga tena, pima. Mililita chache zikibaki ndani ni kawaida. Upungufu mkubwa bila kuvuja nje maana yake injini inaiunguza.

Uthibitisho bora zaidi ni kipimo cha shinikizo. Ziba mlango wa kabureta na wa ekzosi kwa vizibo vya mpira, acha plagi mahali pake, shusha pistoni hadi chini, ingiza hewa hadi psi 6 (takriban bar 0.4), kisha subiri. Isishuke zaidi ya psi 1 kwa dakika. Usizidishe shinikizo, maana unaweza kuzing'oa sili nzima. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Kama hakuna povu nje na bado inashuka, weka sabuni kwenye mdomo wa mpira wa kupumulia wa giaboksi. Viputo hapo vinamaliza ubishi: ni sili ya upande wa klachi, au o-ringi iliyo nyuma ya gia ya krenki, ambayo husahaulika mno. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Sili ya upande wa magneti ikivuja haileti moshi. Inaingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, resi inagoma kushuka, na mwisho pistoni inakwama. Ukifungua upande mmoja, kagua na wa pili. Oili ya gia iliyogeuka rangi ya maziwa nayo ni habari nyingine: mara nyingi ni sili ya pampu ya maji.

Dhana: Oili nyeusi inayodondoka kwenye sailensa ni ziada ya oili

Ni mchanganyiko ambao haukuungua, na kwa kawaida kosa ni petroli kuzidi hewa, au injini kuendeshwa polepole muda mrefu bila kupata moto. Kabla ya kugusa jeti, safisha filta ya hewa, hakikisha choki inarudi kabisa mahali pake isiendelee kufanya kazi, na kagua boya la kabureta linalopima petroli inayoingia: sindano yake na kimo chake. Filta iliyoloweshwa oili kupita kiasi inatosha peke yake kuleta moshi.

Kisha tafuta moshi unatokea resi ikiwa wapi. Hadi robo, tazama jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kati ya robo na robo tatu, ni sindano ya kabureta: klipu ikipandishwa ngazi moja, sindano inashuka na petroli inapungua. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Joto na miinuko ya juu hupunguza uzito wa hewa, kwa hiyo jeti iliyofaa mahali pa baridi na pa chini inaweza kuwa kubwa mno huko. Ila usiendelee kupunguza hadi moshi utoweke kabisa. Jeti kubwa iliyopunguzwa mno huyeyusha pistoni.

Plagi ya daraja la joto zaidi haitibu lolote hapa. Huficha masizi tu.

Dhana: Oili yoyote inafaa, mradi ni oili

Oili ya mipigo minne ina viungo vinavyoacha majivu na masizi. Ile ya TC-W3 imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa kwa maji, zenye joto la chini kuliko la motokrosi. Tafuta alama ya JASO (viwango vya Kijapani vya oili) FC au FD: zote zina kikomo kikali cha moshi kuliko FB, na FD husafisha zaidi. Oili ya mbarika hulinda vizuri lakini hutoa moshi zaidi na kuacha gundi.

Dhana: Sili mpya na bado moshi, basi haikuwa sili

Ekzosi na pamba ya sailensa zimenyonya oili muda wote sili ilipokuwa mbovu, na oili hiyo lazima iungue. Vua ekzosi, iache ichuruzike usiku kucha, badilisha pamba ya sailensa, kisha endesha kwa nguvu injini ikiwa na moto. Moshi ukiendelea baada ya hapo, rudia kupima mililita za giaboksi kabla ya kufungua chochote.