Je, wajua kwa nini Wakristo wa kale walisali saa tatu, saa sita na saa tisa?

Siku ya Pentekoste, watu walipowadhihaki mitume wakidai wamelewa mvinyo, Petro aliwajibu kwa kutaja saa: ni saa tatu tu ya mchana, walevi watoke wapi? Ukifungua sura inayofuata ya Matendo ya Mitume unamkuta yeye na Yohana wakipanda hekaluni saa tisa, na mwandishi anaongeza kwamba hiyo ndiyo saa ya kusali. Ukifika sura ya 10, Petro huyo huyo yuko Yafa. Amepanda darini saa sita ya mchana ili asali, na njaa inambana hapo hapo, chakula kikiwa bado kinaandaliwa.

Tatu, sita, tisa. Kwa nini hizo na si nyingine?

Msomaji wa Kiswahili anaanza na nafuu, maana saa hizo zinahesabiwa kama zetu, kuanzia jua linapochomoza. Tofauti ni kwamba katika dola ya Kirumi mchana wote uligawanywa mafungu kumi na mawili, uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa ya majira ya baridi. Mtu wa kawaida hakuwa na chombo cha kumwambia kwamba sasa ni saa nne na robo. Alichokijua ni vituo vikubwa vya siku: katikati ya asubuhi, adhuhuri, alasiri. Tertuliano, mwandishi wa Karthago katika Afrika Kaskazini aliyeandika karibu mwaka 200, anasema saa hizo tatu ndizo zinazoigawa siku, zinazotenganisha shughuli na zinazotangazwa hadharani. Yaani Wakristo hawakubuni ratiba yao wenyewe. Walichukua saa ya mjini, ile ile iliyowapangia watu biashara zao, wakaiwekea sala.

Maana ya ndani nayo haikukosekana. Wayahudi walikuwa tayari na desturi ya kusali kwa nyakati. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakielekea Yerusalemu. Halafu Injili ya Marko inasema Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likatanda saa sita, naye akapaza sauti na kukata roho saa tisa. Hivyo kwa Mkristo wa karne ya 3, siku yoyote ya kazi, hata Jumanne isiyo na sherehe yoyote, ilipita palepale ilipopita Ijumaa Kuu.

Walisali nini basi, na kwa muda gani? Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kinaagiza Baba Yetu mara tatu kwa siku. Basi. Sala hiyo hata ukiisema bila haraka haimalizi dakika. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, akimwandikia mjane tajiri wa Kirumi aitwaye Proba aliyetaka kujua namna ya kusali, alimsimulia habari za ndugu wa Misri, yaani wamonaki, watawa wa huko: inasemekana sala zao ni nyingi lakini fupi mno, zinarushwa kama mishale, ili moyo ulio macho usije ukalegea kwa kurefusha.

Naona hapa ndipo juhudi nyingi za leo zinapokwama. Mtu anaamua kuishi kiroho zaidi, anatenga saa nzima ya alfajiri, anajikaza siku kadhaa. Kisha mtoto anaugua au kazi zinarundikana, na mpango wote unavunjika. Wa kale walipenda kidogo kidogo, mara nyingi, tena katikati ya kazi kabisa, mahali ambapo sala inakatiza kitu.

Simulizi la kwanza katika mkusanyo wa misemo ya mababa wa jangwani linamhusu Antonio Mkuu, mkaapweke wa Misri aliyefariki mwaka 356. Ameketi jangwani, mawazo yamemzonga, moyo umechoka. Anamlalamikia Mungu: nataka kuokoka, lakini mawazo haya hayaniachi, nifanyeje? Anatoka nje na kumwona mtu anayefanana naye, ameketi akisuka kamba. Mtu yule anaacha kamba, anasimama, anasali. Anaketi tena kusuka. Anasimama tena kusali. Kumbe ni malaika, na Antonio anaambiwa afanye hivyo hivyo, ataokoka. Hakufunuliwa siri yoyote ya mbinguni. Alionyeshwa namna ya kupanga mchana.

Kwa nini mchana ndio uliohitaji kupangwa? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko kwa Evagrio wa Ponto, mmonaki msomi aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399. Aliandika juu ya ugonjwa wa roho aliouita pepo wa adhuhuri: uchovu unaomjia mtu bila sababu, mchanganyiko wa uvivu, kuchoshwa na kutotulia. Anautaja mpaka saa zake. Unaanza kumshambulia mmonaki yapata saa nne na kumzingira hadi saa nane. Kwanza jua linaonekana haliendi, kana kwamba siku ina saa hamsini. Kisha mtu anavutwa kuchungulia dirishani kila mara, kutoka nje ya chumba, kulitazama jua apime imebaki kiasi gani kufika saa tisa, muda wa kula, na kugeuka huku na huku aone kama labda kuna ndugu anakuja. Baadaye anaanza kukichukia chumba chake, kazi yake ya mikono, maisha yake yote, na kuwaza mahali pengine ambapo kazi ni rahisi na watu wana upendo zaidi.

Weka simu mahali pa dirisha, na ndugu anayetazamiwa awe meseji inayosubiriwa, maelezo hayo hayahitaji kuguswa tena. Saa sita, kwa hiyo, haikuwa saa ya kusali kwa sababu watu walikuwa na nafasi. Iliangukia katikati kabisa ya shambulio.

Yohane Kasiano, aliyekaa na wamonaki wa Misri kabla ya kwenda kuanzisha monasteri huko Marseille katika karne ya 5, alileta kutoka kwao dawa inayobebeka. Mzee Isaka, anasema, alimfundisha kushika mstari mmoja tu, Zaburi 70:1: Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima. Uuseme kazini, safarini, mezani, kitandani kabla ya usingizi. Mstari huo bado hufungua Masifu ya Jioni ya Kanisa Katoliki, na anayehudhuria ibada hiyo huusikia pengine bila kujua ulikotoka.

Sasa, kwa mtu mwenye ajira, watoto na simu isiyonyamaza, ningeanza na saa sita peke yake. Asubuhi ina mambo yake na usiku una usingizi, lakini saa sita karibu kila kazi ina mwanya mdogo: kabla ya chakula, kati ya mteja na mteja, zamu ikibadilishwa. Tega kengele ya simu ikibidi. Monasteri nazo zilikuwa na kengele zao. Ikilia, acha kilicho mkononi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki ulioandikwa Italia katika karne ya 6, inasisitiza jambo hilo katika sura ya 43: mmonaki akisikia ishara ya sala aache mara moja alichoshika. Simama kama yule wa kamba. Sema mstari wa Isaka, Baba Yetu polepole, nyamaza kidogo, rudi kazini. Hiyo ni dakika moja au mbili. Ukishaizoea, ongeza saa tisa, ambayo ni saa ngumu kuliko zote kwa waliokwisha kula, halafu saa tatu.

Dereva atauliza asimameje, na muuguzi atauliza amwache nani. Kanuni hiyo hiyo, sura ya 50, inawaruhusu wanaofanya kazi mbali na wasioweza kufika kanisani kwa wakati wasali pale pale walipo, na walio safarini washike saa zao kadiri wawezavyo. Saa ikipita bila wewe kukumbuka, mimi singeilipa jioni kama deni. Ningesubiri inayofuata.

Wapo wanaoshika mpango mzima hadi leo. Wakristo wa Kikopti nchini Misri wana Agpeya, kitabu cha sala chenye saa ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na mbili na sala ya usiku wa manane, na wengi siku hizi wanakisoma kwenye simu. Walutheri walirithi sala fupi za asubuhi na jioni katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambamo Luther anashauri kwamba baada ya sala ya asubuhi mtu aende kazini kwa furaha, akiimba.

Anayeona kwamba kupunguza ni kuchezea mapokeo amsome Benedikto tena, sura ya 18. Alipanga zaburi zote 150 zimalizike kwa juma moja, akaandika kwamba asiyeupenda mpangilio wake aweke mwingine, mradi idadi itimie, kwa maana mababa watakatifu walimaliza kwa siku moja kile ambacho sisi tulio vuguvugu tunakimaliza kwa juma zima. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alizitandaza karibu zote kwa majuma manne.