Ukitafuta Wavu Utapata Wavuvi

Andika "wavu" kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu yako ya noti. Kama noti zako zinahusu bahari kama zangu, utaletewa kila sentensi yenye "wavuvi", kwa sababu herufi nne za mwanzo ni zilezile. Nyavu zenyewe hutaziona, maana neno likiingia kwenye wingi hubadilika kichwa.

Nina miaka kumi na mbili ninahoji wavuvi, kuanzia Mkokotoni huko Unguja hadi Kilwa, na noti zangu sasa zimepita elfu nne. Ushauri mwingi wa kupanga noti niliousoma uliandikwa na watu wanaofikiria Kiingereza. Neno lao hubadilika mkiani: "fish" hubaki "fish" mbele, kisha huongezwa vipande nyuma. Ukiandika mwanzo wa neno, jamaa zake wote wanakuja. Sisi mvuvi, wavuvi, uvuvi, kuvua, alivua na tutavua kila mmoja anaanza kwa herufi yake.

Watunga kamusi walishalimaliza tatizo hili zamani. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981: nomino imewekwa kwenye umoja, kitenzi kimevuliwa "ku". Anayetaka maana ya "walimsomesha" anajua aende kwenye "soma". Basi na kwenye noti tufanye vivyo hivyo, tutafute kile kipande kisichobadilika.

Kabla ya hapo, ijue programu yako. Andika "vuvi" uone. Ikikuletea mvuvi na uvuvi, inasoma hata katikati ya neno. Isipoleta kitu, inalinganisha mwanzo wa neno au neno zima tu, na itakubidi uandike maumbo yote moja baada ya jingine. Mimi natumia Obsidian, inayosoma katikati. Lakini kipande kifupi nacho kina hatari zake. Nilipoandika "vua" nikitaka kuvua samaki, nililetewa mvua za masika, bamvua zote za mwaka (yale maji yanayojaa na kupwa sana), na mzee mmoja aliyevua shati. "Vuv" ilinipa mvuvi, wavuvi na uvuvi bila tone la mvua. Siku hizi, kabla sijabonyeza, najiuliza: nani mwingine ana kipande hiki?

Kwa wavu na nyavu hakuna kipande salama, kwani "avu" iko pia kwenye kavu na mbavu. Hapo naandika ruwaza, yaani mchoro wa herufi ninazozitaka: /\b(wavu|nyavu)\b/. Zile alama za \b zinasema neno lianzie na liishie hapohapo, kwa hiyo wavuvi wanabaki nje. Kwa njia hiyohiyo /nga[lr]awa/ hunipa ngalawa na ngarawa, maana huwa naandika neno kama msemaji alivyolitamka, na wasemaji hawatamki sawa. Usisanifishe maneno ya watu ili utafutaji uwe rahisi. Sanifisha lebo, yale maneno yenye alama ya # unayoibandikia noti.

Hapo ndipo lebo zinapoanza kazi, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna ruwaza itakayolimaliza. Changu ni samaki. Changu pia ni mali ya anayesema, na sijawahi kumhoji nahodha asiyesema "chombo changu" mara kumi kwa saa. Taa ni samaki bapa mwenye mkia mrefu; taa pia ndiyo inayowashwa usiku kuwavuta dagaa. Kompyuta huona herufi. Wewe uliyekaa na yule mtu chini ya mwembe ndiye unayejua alimaanisha nini, na unajua siku ile tu. Kwa hiyo, kabla sijafunga daftari, naandika chini ya noti: #samaki/changu, au #zana/taa.

Mkwaju huo katikati, yaani alama ya /, ni wa maana. Nikitafuta tag:#samaki napata samaki wote, nikiandika tag:#samaki/taa napata huyo mmoja. Lebo zangu zote ziko kwenye umoja, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Kuna wakati nilikuwa na #chombo na #vyombo, nusu ya noti huku na nusu kule, na nilimaliza sura nzima ya ripoti nikiamini kwamba hakuna aliyenisimulia habari za mitumbwi.

Kosa lililoniumiza zaidi lakini ni la dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa. Mwaka mmoja niliombwa maelezo ya jinsi dema linavyosukwa. Nilikuwa na hakika ninayo: mzee wa Mkokotoni alinionyesha hatua kwa hatua, fito mkononi, anasimama kila tundu ili nihesabu. Nikatafuta "dema". Hamna. "Madema", hamna. "Mtego", zikaja noti za sungura. Siku ya tatu nikaanza kufungua noti za mwezi ule moja moja, nikaikuta. Nilikuwa nimeandika: "Anasuka. Tundu la kwanza linaachwa wazi. Anasema mkono ndio rula." Kurasa mbili nzuri kabisa, na neno dema halimo hata mara moja, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuona haja ya kulitaja.

Tangu hapo kila noti yangu ina mstari wa mwisho unaoanza na "Nitaitafuta kwa:", na hapo naweka maneno ambayo yamekosekana juu. Jina la kitu. Jina lake jingine la kijiji cha pili. Mstari huu umenifaa kuliko lebo zote, na kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Lebo zenyewe ziwe chache. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliacha kadi zipatazo 90,000, na katika faharasa yake neno moja lilielekeza kwenye kadi chache tu. Zilizobaki alizifikia kwa kufuata viungo kutoka kadi hadi kadi. Mimi nina lebo arobaini hivi. Lebo yenye noti moja naifuta, na ile iliyokusanya mia tano naigawa.

Zinazonilipa zaidi ni za wakati. Tarehe iko kwenye jina la faili, mwaka ukitangulia, 2019-07-14, ili zijipange zenyewe. Lakini mvuvi hahesabu Julai. Anahesabu pepo za kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, kwa hiyo nina #msimu/kusi, #maji/bamvua na wenzao. Wiki iliyopita nilitaka kujua nani wanapata pweza wakati miamba haijatoka majini. Nikaandika tag:#samaki/pweza -tag:#maji/bamvua, kile kistari kikiondoa noti za bamvua. (Mwanabiolojia atasema pweza si samaki. Mnadani huuzwa pamoja nao, na lebo zangu zinafuata mnada.) Zikaja noti tisa, nane za wapiga mbizi vijana, na moja ya mama wa Kilwa ambaye nilikuwa nimemsahau kabisa. Jumamosi nitampigia simu.