Kutoka dainamo hadi alteneta: dhana potofu kuhusu chaji ya Land Rover za zamani

Anayemiliki Land Rover ya Series II au IIA, yaani zile zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1971, hufika siku akachoshwa na dainamo, kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Taa hufifia gari likisimama kwenye foleni, waipa hujikokota mvua ikinyesha usiku, na asubuhi betri haina nguvu ya kuzungusha stata. Uamuzi wa kuondoa dainamo ya kampuni ya Lucas na kufunga alteneta, kifaa cha kisasa zaidi cha kazi hiyohiyo, mahali pake ni uamuzi mzuri, nami huwaunga mkono wanaoufikia. Linalonisumbua ni maneno yanayozungumzwa gereji kuhusu kazi hiyo, kwa sababu mengi yake yamewatia watu hasara: wamenunua alteneta ya pili na ya tatu, wamebadilisha betri, na tatizo limebaki palepale.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mabadiliko haya yanafanywa. Dainamo ya Lucas C40 iliyofungwa kwenye magari haya hutoa ampea 22, na hizo ni ampea za dainamo nzima kwenye injini inayozunguka kwa kasi ya kutosha. Taa kubwa mbili za wati 60 zinakula ampea 10, taa ndogo za mbele na nyuma kama 2, koili ya plagi karibu 4, na waipa kiasi kama hicho. Hapo umeshafika 20. Ukifunga spotilaiti mbili za wati 55, zinazotaka ampea 9 zaidi, betri inatoa kuliko inavyopokea hata ukiwa barabara kuu. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa dainamo haitoi kitu cha maana katika kasi hiyo. Sababu iko ndani ya umbo lake: katika dainamo, sehemu inayozunguka ndiyo inayozalisha umeme wote na kuupitisha kwenye kaboni, nayo ni nzito, imesukwa nyaya nene ambazo zingechomoka zikizungushwa kasi mno, hivyo puli yake haiwezi kuwa ndogo. Katika alteneta kinachozunguka ni sumaku tu, inayolishwa ampea chache kupitia pete mbili laini, na umeme mkubwa unatoka kwenye nyaya zilizotulia. Kwa hiyo hufungwa puli ndogo, huzunguka kasi zaidi, na huchaji hata gari limesimama. Kiwanda chenyewe kilikubali hoja hii: Series III iliyoanza 1971 ilikuja na alteneta ya Lucas 16ACR ya ampea 34, na ndugu yake 18ACR ya ampea 45 ndiyo ninayoipendekeza kwa gari la kawaida.

"Alteneta ya ampea nyingi itaunguza betri na kupasua taa"

Dhana hii inatokana na kuifikiria alteneta kama pampu inayosukuma ampea 45 kila sekunde, iwe zinatakiwa au hazitakiwi. Ukweli ni kwamba kinachodhibitiwa ni volti. Regulata iliyo ndani ya alteneta huzishikilia karibu 14.2, na ampea hutoka kulingana na vinavyoomba: taa ya wati 60 itachukua ampea zake zilezile, uwe umefunga alteneta ya ampea 34 au ya 100. Balbu zinapasuka na maji ya betri yanachemka pale regulata inapoharibika na volti kupanda hadi 15 na zaidi, na hilo linaweza kuipata alteneta ndogo sawa na kubwa.

Hata hivyo, hofu hii ina chembe ya kweli ambayo wengi huipita bila kuiona, nayo ni waya wa chaji. Betri iliyoshuka, gari likiwashwa, huomba ampea nyingi kwa wakati mmoja, na zote zinapita kwenye waya uliochaguliwa miaka ya sitini kwa ajili ya ampea 22. Tuseme waya huo una unene wa milimita 3 za mraba na urefu wa mita mbili na nusu. Ukipitisha ampea 40, unapoteza zaidi ya nusu volti njiani, na hiyo nusu volti inageuka joto ndani ya ganda la waya. Waya wa milimita 8.5 za mraba kwa urefu huohuo unapoteza kama sehemu mbili za kumi za volti. Kwa hiyo ninapofunga alteneta navuta waya mpya mnene kutoka kwenye alteneta moja kwa moja hadi betri, wenye fyuzi karibu na betri, na nyaya za zamani naziacha zihudumie taa kama zilivyozoea. Kwenye magari ya awali yenye amita (kipima ampea) ya ampea 30 kwenye dashibodi, hatua hii ni ya lazima, kwa sababu ukiziacha ampea 45 zipite ndani ya amita ile, joto litaanzia pale nyuma yake, mahali ambapo hakuna fyuzi wala jicho la kuona.

"Ukifunga alteneta mpya, umemaliza tatizo la chaji"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Mwaka jana nililetewa Series IIA ya 1969 ambayo mwenyewe alikuwa ameifunga alteneta ya pili ndani ya miezi sita, pamoja na betri mpya, na bado kila baada ya siku tatu alikuwa anasukuma gari. Niliwasha injini na taa kubwa, nikapima kwenye alteneta yenyewe, kati ya nguzo yake ya kutolea umeme na mwili wake: volti 14.3. Alteneta ilikuwa nzima kabisa. Nikapima kwenye terminali mbili za betri: 13.1. Volti 1.2 zilikuwa zinaishia njiani, na betri ya risasi inayopewa 13.1 haijai hata ukiendesha kutwa.

Nikaweka waya mmoja wa kipimo kwenye nguzo ya alteneta na mwingine kwenye chanya ya betri, kikaonyesha 0.3. Nikaweka mmoja kwenye mwili wa alteneta na mwingine kwenye hasi ya betri, kikaonyesha 0.9. Mwizi alikuwa upande wa erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Injini ya Land Rover imekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia mkanda wa shaba unaounganisha injini na chesisi. Nilipolala chini ya gari niliuona umefungwa vizuri, bolti imekazwa, lakini chesisi ilikuwa imepigwa rangi mpya na mkanda ukafungwa juu ya rangi. Chini ya jicho la mkanda kulikuwa na duara la ukungu wa kijani. Msasa, mafuta kidogo ya grisi, bolti ikarudishwa: 0.9 ikawa 0.05, na betri ikaanza kupata 13.9. Alteneta mbili zilinunuliwa kwa ajili ya duara lile.

Magari haya yana bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulana, hasa mwambao ambako hewa ina chumvi. Taa za mbele na nyuma zinategemea bodi hiyo kwa erthi yake. Kabla ya kununua kifaa chochote, pima upotevu wa volti upande wa chanya na upande wa erthi, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Kila upande usizidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti.

"Chomoa terminali ya betri injini ikiwaka, isipozima, alteneta inachaji"

Kipimo hiki kilirithiwa kutoka enzi za dainamo na bado kinafanywa kila siku. Naomba kiachwe. Injini kutozima kunaonyesha tu kwamba kuna umeme unaotoka. Hakuonyeshi kama volti ni sahihi. Madhara yake ni makubwa: betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti, na ukiitoa ghafla wakati alteneta inatoa ampea nyingi, volti zinaruka kwa makumi kabla regulata haijawahi kuzishusha. Diodi, vipande vya ndani ya alteneta vinavyoupitisha umeme upande mmoja tu, zinakufa, na vilevile redio au kifaa kingine chochote cha elektroniki kilichounganishwa. Kipima volti cha bei rahisi kinakupa jibu kamili bila kugusa spana.

"Taa nyekundu ya chaji ni ya kuonya tu"

Kwenye alteneta za Lucas ACR taa hiyo inafanya kazi ya pili. Ukifungua ufunguo, umeme unapita ndani ya balbu ya wati 2.2, karibu sehemu mbili za kumi za ampea, ukaenda kuamsha sumaku ya alteneta. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isiamke hadi uikanyagie injini kwa nguvu, au isiamke kabisa, nawe utailaumu ilhali haina kosa. Wanaobadilisha balbu zote za dashibodi kuwa za LED hukutana na tatizo lilelile, kwa sababu LED hupitisha umeme kidogo mno. Balbu ya nyuzi ibaki pale.

"Erthi ni erthi, hakuna tofauti"

Series II na IIA za mwanzo, hadi karibu 1967, zilikuwa na erthi ya chanya: terminali chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi. Alteneta za kawaida zinataka hasi. Ukiifunga kwenye gari la erthi chanya bila kugeuza, diodi zinaungua mara tu waya wa betri unapogusa, wala hakutakuwa na nafasi ya pili. Kugeuza si kazi kubwa. Betri inageuzwa, nyaya mbili ndogo za koili zinabadilishana nafasi, za amita vilevile, na redio ya zamani inaondolewa isipokuwa kama ina swichi ya kugeuzia. Stata haijali, kwa kuwa sumaku zake ni za nyaya na itazunguka upande uleule. Taa nazo hazijali. Katauti, kile kisanduku kilichokuwa kikidhibiti dainamo, inaondolewa kazini, na wengi huiacha ukutani kama kiungio tu cha nyaya, jambo ambalo halina ubaya.

Kuhusu mafuta, wapo wanaosema alteneta kubwa inalemea injini. Alteneta inayotoa ampea 45 kwa volti 14 inazalisha wati 630, na ukizingatia upotevu wake inaomba injini kama farasi moja na nusu. Ile ya ampea 65 ikitoa ampea 20 inaomba sawasawa na ndogo inayotoa 20. Anayelipa mafuta ni vifaa ulivyowasha.

"Betri imekufa? Shtua gari, itajijaza njiani"

Alteneta imeundwa kurudisha kilichotumiwa na stata na kubeba mahitaji ya safari. Betri iliyoshuka chini ya volti 12 ikiwa imetulia imebakiwa na kidogo sana, na kuifufua kwa alteneta kunamaanisha kuifanyisha kazi kwa nguvu zake zote huku boneti imefungwa na joto la injini likiizunguka. Alteneta nyingi zinazosemekana ni za kichina na hazidumu, nijuavyo, ziliuawa hivi. Peleka betri ikachajiwe taratibu usiku kucha, uifunge ikiwa na 12.6.

Dhana ya mwisho ni ile inayosema dainamo ni chuma chakavu. Kama gari lako lina taa zake za asili na huendeshi sana usiku, C40 yenye kaboni nzuri na mkanda wa puli uliokazwa inatosha, na gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Hata ukiiondoa, itunze pamoja na katauti yake mahali pakavu. Ikikaa muda mrefu hupoteza usumaku wake, na ukiirudisha haitachaji. Hapo ondoa nyaya zake zote mbili, kisha gusisha waya kutoka terminali ya betri isiyo ya erthi kwenye nguzo yake ndogo yenye alama ya F, kwa sekunde moja au mbili tu, mpaka uone cheche ndogo.